Mgonjwa Aliyejileta

"Umeletwa na nani?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa katika zahanati moja karibu na Kwa Vonza, na hadi leo nikilikumbuka damu hunichemka. Sikuulizwa ninaumwa wapi. Nilijibu ukweli, kwamba nimejileta. Mhudumu wa mapokezi alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akaona chaki kwenye mkono wa sweta yangu, akanionyesha mwisho wa foleni.

Kwetu Ukambani mgonjwa huletwa. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaijua. Mgonjwa wa kweli hujifunga leso juu ya nguo zake hata jua likiwa kali, huegemea bega la mtu, na yule mtu ndiye hushika chupa ya uji na ndiye huongea. Kazi ya mgonjwa ni kulegea na kusema "wooi". Wooi yetu ina madaraja yake. Iko ya kuchoka, iko ya kustaajabu, na iko ile ya maumivu, ndefu, ambayo ikisikika kwenye foleni watu husogea wenyewe bila kuombwa. Mimi nilikuwa nimekaa wima kwenye benchi, mkoba magotini, nikisoma tangazo la chanjo ukutani. Tumbo lilikuwa linaniuma kiasi kwamba sikuweza kuvuta pumzi ikafika mwisho.

Nilitaka kitu kimoja tu, siku ile na miezi yote iliyofuata: mtu mmoja mwenye ujuzi alitazame tumbo langu. Ningekuwa mtu mwingine, labda lingekuwa jambo la asubuhi moja.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya kutwa. Nina kifafa tangu nikiwa msichana, na dawa zimekituliza miaka mingi sasa. Nina usonji pia, au autism kama wanavyosema wengi, ingawa hilo nililijua nikiwa mtu mzima, baada ya daktari wa Nairobi kunipima na kunieleza kwa upole kwa nini kelele za chumba cha walimu hunifanya nikose maneno, na kwa nini watu husema uso wangu hausemi kitu. Sauti yangu haipandi wala kushuka. Nikifurahi, iko pale pale. Nikiungua moto, iko pale pale. Wanafunzi wangu wameshazoea, na huniigiza vizuri sana wakidhani sisikii.

Daktari yule alinishauri niwe nawaambia wahudumu wa afya mapema kwamba nina usonji, ili wanielewe. Ulikuwa ushauri mzuri. Shida ni kwamba wakishaambiwa hilo, hawasikii tena lingine.

"Aaa, sasa nimekuelewa, madam," alisema daktari wa zahanati nilipomaliza kumweleza. Nilikuwa nimemweleza kwa mpango: maumivu yako chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi kwenye bega, yanakuja baada ya kula kitu chenye mafuta, na nikitapika hayapungui. "Hawa watu wa autism huwa wanasikia vitu sana. Kelele, mwanga, hata tumbo. Kitu kidogo tu kwao ni kikubwa. Wewe punguza mawazo."

Hawa. Nilikuwa peke yangu mle chumbani.

Kabla ya neno hilo kuingia maishani mwangu, niliruhusiwa kuugua kama Mkenya yeyote. Nimewahi kuambiwa nina taifodi, nina amiba, nina asidi, nina vidonda vya tumbo, na mara moja nikaambiwa nina upepo. Sina hakika kama hata nusu ya hayo yalikuwa kweli, lakini angalau kila mara mtu alinibonyeza tumbo, akatoa damu, akaniandikia kitu. Tangu nilipoanza kusema nina usonji, sijapewa hata taifodi. Nikiumwa kichwa ni usonji, nikikosa usingizi ni usonji, na goti nililoligonga kwenye dawati nalo sijui lingeitwa nini kama ningelipeleka.

Nilienda katika hospitali moja mjini Kitui. Huko nikapata daktari mwingine, mwenye haraka, ambaye alisikia nusu ya maelezo yangu kisha akatikisa kichwa. Alisema amesoma kwamba watu wenye usonji hawasikii uchungu vizuri, kwa hivyo kama lingekuwa jambo kubwa nisingelijua, na kama ninalijua basi si jambo kubwa. Nilimwomba arudie. Alirudia vile vile. Mimi nafundisha hesabu, na nilitoka pale nikiwa na madaktari wawili: mmoja anasema nasikia maumivu kupita kiasi, mwingine anasema siyasikii kabisa, na wote wawili wamefikia jibu moja, kwamba nirudi nyumbani.

Huyo wa pili hata hivyo hakuniacha mikono mitupu. Alinituma kliniki ya afya ya akili, iliyokuwa kwenye baraza ile ile, milango michache mbele. Daktari wa huko alinisikiliza hadi mwisho, Mungu ambariki, kisha akasema hana neno na akili yangu, shida inaonekana ni ya tumbo, nirudi kwa mwenzake. Nilirudi kwa mwenzake. Mwenzake akasema amekwisha kunituma, kwa nini nimerudi. Nilisimama katikati ya ile baraza, watu wakipita na machela na ndoo za deki, na nilikasirika hadi mikono ikawa baridi. Wapita njia waliona mwanamke aliyesimama tu.

Ambacho hakuna aliyetaka kukisikia ni kwamba maradhi yangu hayakai kila moja chumbani mwake. Yanaishi pamoja na yanachokozana kama wakaza wana katika boma moja. Dawa za kifafa lazima nizimeze nikiwa nimekula, la sivyo natapika. Nikila, tumbo linaanza. Tumbo likianza sipati usingizi. Nikikosa usingizi, kifafa kinaanza kunusanusa, na kikinipata mbele ya darasa sijui kama ningesimama tena mbele ya watoto wale. Na nikichoka, usonji unafunga mdomo, kwa hivyo hata ile nafasi ndogo ya kujieleza naipoteza. Wahudumu walitaka niyalete moja moja. Ningeweza kuyatenganisha hivyo, nisingehitaji kwenda kwao.

Shuleni siku ya chapati na nyama nilikula mkate mkavu, na wenzangu wakasema mwalimu wa hesabu amekuwa mtu wa kujichagulia. Nyumbani, akina mama wa kanisa letu walikuja kuniombea. Walikuwa watu wema, walileta sukari na majani ya chai. Mmoja wao, aliyenizidi umri, aliniambia wakati wa kuondoka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nifungue moyo niseme ninaumwa nini. Nilimwambia: tumbo, hapa, upande wa kulia. Alinipigapiga mkono akasema, "Ukiwa tayari utasema."

Nilitamani kumrushia ile pakiti ya sukari.

Hatimaye maji yalinifika shingoni nikampigia dada yangu simu. Ni mkubwa wangu, ameolewa upande wa Kibwezi, na yeye na mumewe wanalima mabamia na pilipili kwa maji ya mto. Ni mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Nilimsimulia zahanati, nikamsimulia Kitui, nikamsimulia ile baraza.

"Ulipelekwa na nani?" aliuliza.

"Nilijipeleka."

Alisonya hadi simu ikakwaruza. "Sasa si ndiyo hiyo! Wewe unaenda hospitali na miguu yako, na kimkoba, kama unaenda benki, alafu unataka waone mgonjwa? Kuja huku. Nitakupeleka mimi."

Niliomba ruhusa shuleni nikashuka Kibwezi kwa ile barabara ya Mutomo. Alinipokea, akanilaza kochini kati ya kreti za mabamia zilizokuwa zikingoja gari la mnunuzi, akanipikia uji mwepesi. Alasiri akaketi mbele yangu na kuanza kunifundisha kuugua.

"Inama kidogo. Shika tumbo na mkono mbili. Haya, sema wooi."

"Wooi."

"Apana. Hiyo unaita rejista."

"Wooi."

"Mwiitu wa mwaitu, hata mbuzi anajua kulia," alisema, akiniita binti wa mama kama anavyofanya akinihurumia. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka ndani kwa ndani, maana kwa kweli ilikuwa wooi mbaya sana. Tulijaribu hadi mumewe akachungulia kuuliza ni nani anaumia. Hatukufaulu. Nikiigiza maumivu natoa kitu cha ajabu usoni ambacho hakifanani na maumivu wala na mimi. Na kilichonikera hasa ni kwamba yalikuwepo. Nilikuwa naombwa niigize kitu nilichokuwa nacho.

Tulikubaliana ninyamaze. Nijifunge leso, niegemee, nitazame chini, na yeye aongee. Sharti lake moja lilikuwa nisitaje usonji, ambao yeye huuita "ile shida yako ya Nairobi". Na kifafa je? Alitazama mlango kwanza. Wakwe zake hawakujua kuhusu kifafa changu. Kwao kinahesabiwa kuwa ugonjwa wa ukoo, na ana mabinti wanaokaribia kuolewa. "Hiyo tuiache tu," alisema. "Unaumwa tumbo, tunapeleka tumbo."

Asubuhi iliyofuata nililetwa hospitalini kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Hospitali yenyewe iko upande wa Makueni na jina lake nitaliacha. Dada alinishika kiunoni nikaona miguu yangu imeanza kutembea vibaya, kwa sababu haiwezekani kutembea vizuri ukiwa umebebwa na mtu ambaye hukuhitaji akubebe. Watu kwenye foleni walitupisha. Mwanamke mmoja aliondoa mtoto wake kwenye benchi ili nikae. Ndani ya muda mfupi tulikuwa mbele ya daktari.

Dada alisema ninaumwa tangu juzi, ilhali ilikuwa miezi. Alisema sijatia kitu mdomoni wiki nzima, na uji wake alikuwa ameupika mwenyewe. Alisema maumivu yanazunguka tumbo lote kama nyoka, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Kila alichokisema kilikuwa kombo, na yule daktari alikisikiliza chote huku akitikisa kichwa kwa huruma. Maelezo yangu yaliyonyooka yalikuwa yamekataliwa na watu wawili wenye elimu kama yake. Nilitazama sakafu, nikauma meno.

Alinilaza kitandani, akabonyeza chini ya mbavu za kulia. Pumzi ilinikatika.

"Ni hapa?" alimuuliza dada.

"Hapo hapo, daktari," alijibu dada, na tumbo ni langu.

Aliandika karatasi ya kupigwa picha ya tumbo, ile skani niliyoiomba kila mahali. Aliiweka mezani, kisha akasema kwanza nidungwe sindano ya kutuliza maumivu. Akauliza kama nina ugonjwa mwingine wowote, au dawa ninayotumia.

"Hana," alisema dada, na vidole vyake vikabana kiwiko changu. "Hakuna kitu anakunywa."

Niliuliza sindano hiyo ni ya dawa gani. Daktari alishtuka kidogo kusikia nina sauti. Akaitaja. Ilikuwa dawa ambayo daktari wangu wa kifafa alinionya miaka mingi iliyopita nisiiguse, kwa sababu inaweza kukiamsha.

Muuguzi alikuwa tayari anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nikinyamaza, nitapata skani na huenda nikaanguka. Nikisema, sitaanguka, lakini najua mlango unavyofungwa. Dada alinibana tena. Nilimwonea huruma, nikawaza mabinti wake, nikawaza ile karatasi pale mezani, karibu kabisa na mkono wangu. Kisha nikainuka nikaketi wima, nikasema: nina kifafa, natumia dawa zake kila siku, na hiyo siwezi kudungwa.

Daktari alimzuia muuguzi kwa mkono. Akamgeukia dada. "Mama, mbona hukuniambia?" Halafu, kwa mara ya kwanza, akaniuliza mimi. Aliuliza dawa gani na tangu lini, nikamwambia. Akauliza kama kuna lingine. Nikasema kuna usonji. Dada alifumba macho. Lakini nilikuwa nimeulizwa, na mimi nikiulizwa najibu.

Niliuona uso wake ukibadilika. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alilegea tu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. Aliniuliza kama nakaa na nani, kama nalala vizuri, kama huwa na hasira. Kisha akamwuliza dada, kwa sauti ya chini, kama huwa naelewa ninachosema. Na mkono wake ukaichukua ile karatasi.

"Hii tumbo tuipatie muda," alisema. "Wacha kwanza aonwe na daktari wa akili, siku ya kliniki yake. Huenda hata skani haihitajiki."

"Nahitaji skani," nilisema. "Nimeihitaji tangu mwanzo."

"Ndiyo, madam. Usijali."

Ndipo dada yangu alipotoa wooi. Haikuwa ile ya kochini. Ilianzia mahali ambapo sikujua anapo, ikatoka, ikatoka tu, akakaa sakafuni na leso yake. Alisema ni mimi tu aliyebakishiwa na mama yetu. Alisema kama ni kuzika atamzika nani tena. Watu walifika mlangoni. Muuguzi akaacha bomba akamshika mabega.

"Sawa mama, sawa, nyamaza," alisema daktari, na karatasi ikarudi mezani, ikatiwa sahihi, ikapewa dada.

Kwa hivyo nilipigwa skani kwa kilio cha mtu ambaye haumwi. Nililala mle ndani, jeli baridi tumboni, na yule mpiga picha akazungusha chombo chake chini ya mbavu zangu, akasimama, akarudi pale pale. "Mwambie ni mawe," alimwambia dada juu ya kichwa changu. "Kwa nyongo. Yamejaa."

Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyopata digrii. Mawe ni mawe, hayaambiwi yapunguze mawazo. Na papo hapo, nikiwa nimefurahi hivyo, hasira ilinipanda upya, kwa sababu siku ya kwanza kule zahanatini nilisema mahali, nilisema wakati, nilisema na chakula chenyewe, na mawe yalikuwa pale pale nilipoyasema.

Nilipasuliwa baada ya siku chache katika hospitali kubwa zaidi. Dada alibaki nami, mabamia akamwachia mumewe. Kifafa aliwaambia wahudumu mwenyewe safari hii, kwa sauti iliyosikika wodi nzima, na kama wakwe walisikia, walisikia. Daktari wa upasuaji alikuja kitandani kesho yake na kichupa kidogo. Ndani mlikuwa na mawe ya rangi ya udongo, mengine makubwa kama njugu. Alisema mfuko wa nyongo ulikuwa umeoza kwa usaha, ungekaa kidogo ungepasuka, na hajui nilikuwa natembeaje. Wengine, alisema, hugaagaa chini.

Alipoondoka, dada alikishika kile kichupa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamdondoka bila sauti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwiitu wa mwaitu," alisema. "Kwa nini hukuniambia ilikuwa inauma hivi?"

"Nilikuambia. Nilikuambia Krismasi. Nilikuambia kwa matanga ya shangazi. Nilikuambia kwa simu."

"Najua uliniambia." Alipangusa macho kwa ncha ya leso, akanitazama usoni, akatafuta kitu pale, hakukiona. "Lakini ulikuwa unasema tu."

Dawa ya kutuliza maumivu ilikuwa inaisha na kidonda kimeanza kuuma, kikali, kinapanda hadi kwenye bega. Sikumwambia.